Filimbi ya Mwisho Ikishalia: Mwongozo wa Kutunza Afya ya Akili ya Mwanamichezo Baada ya Mashindano Makubwa

Timu nyingi hujiandaa miaka 4 kwenda mashindanoni, lakini hazijiandai hata siku moja kurudi. Kwa muda wote huo mwanamichezo ameishi kwa ratiba iliyopangwa na wengine, kuanzia saa ya kuamka hadi kiasi cha chakula kilichomo kwenye sahani. Mashindano yakiisha, ratiba hiyo inafutika kwa siku moja. Mwili uliozoea mazoezi mara 2 kwa siku unakaa tu. Lengo lililokuwa likimtoa kitandani alfajiri halipo tena. Wenzake wa kambini wametawanyika, simu zimenyamaza, na mara nyingi mkataba wa udhamini nao unafikia ukingoni mwezi huohuo.

Kushuka moyo baada ya hapo ni jambo la kutarajiwa. Kinachotarajiwa hupangiwa mapema, kama vile maji na barafu vinavyopangiwa siku ya mechi.

Wengi hudhani shida hii ni ya walioshindwa tu. Mwogeleaji wa Marekani Michael Phelps alitoka London mwaka 2012 na medali 6, nne za dhahabu, akiwa mwanamichezo mwenye medali nyingi kuliko wote katika historia ya Olimpiki. Baadaye alieleza hadharani kwamba baada ya michezo ile alijifungia chumbani siku kadhaa, hali chakula, halali vizuri, na hataki kuendelea kuishi. Kwa hiyo usimwondoe mtu kwenye orodha ya kufuatiliwa kwa sababu tu anarudi na medali shingoni.

Mwongozo huu ni wa kocha, meneja, daktari wa timu, na ndugu anayempokea mwanamichezo nyumbani.

Kabla ya safari: mtu, tarehe, na alama za mwanzo

Kazi hii inaanza wiki 6 kabla ya kuondoka. Ukisubiri mpaka mmerudi, umechelewa: daktari wa timu ameshamaliza mkataba, na mwanamichezo hapokei simu za mtu asiyemzoea.

Kwanza, teua msimamizi wa kila mwanamichezo. Mtu mmoja asimamie watu 6 hadi 8. Wakizidi hapo simu zinakuwa za kutimiza wajibu tu. Asiwe kocha anayechagua kikosi, wala ofisa anayegawa posho, maana hakuna mwanamichezo atakayemwambia mtu aliyeshika nafasi yake kwamba wiki ya pili hii hajapata usingizi. Mtaalamu wa fiziotherapia, muuguzi wa timu au mwanamichezo mstaafu wanafaa, mradi wafundishwe kusikiliza na wajue mpaka wao, yaani kuona dalili na kumfikisha mtu kwa mtaalamu, bila kujaribu kutibu. Mwanamichezo aruhusiwe kumkataa msimamizi na kupewa mwingine bila kuulizwa sababu.

Pili, andikeni tarehe za kuwasiliana na mwanamichezo mwenyewe awe nazo: siku ya 3, ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 4, ya 8 na ya 12, na mara moja tena mwezi wa 6. Hesabu inaanza siku alipomaliza yeye, si siku ya sherehe za kufunga. Aliyetolewa raundi ya kwanza anaweza kuwa yuko siku ya 10 tayari wakati wenzake bado wanashangilia, na ndiye anayesahaulika kuliko wote kwa sababu macho yote yako uwanjani.

Tatu, chukueni alama za mwanzo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ina kifaa kiitwacho SMHAT-1, kilichotengenezwa kwa ajili ya madaktari wa michezo na wataalamu wengine wa afya. Kinaanza na hojaji fupi ya maswali 10, jumla yake ikiwa kati ya 10 na 50. Anayefikisha 17 au zaidi anaendelea na hojaji nyingine. Mojawapo ni PHQ-9, inayopima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. Jumla ya 5 ni dalili hafifu, 10 ni za wastani, 15 zinakaribia kuwa kali, na 20 kwenda juu ni kali. Tafsiri ya Kiswahili ipo. Kwa makocha na familia kuna kifaa kingine, SMHRT-1, ambacho hakitoi alama. Kinasaidia tu kutambua mabadiliko katika mawazo, hisia, tabia na mwili.

Alama za mwanzo zina maana kwa sababu PHQ-9 ya 8 haisemi kitu kimoja kwa kila mtu. Aliyekuwa na 7 kabla ya safari hajabadilika sana. Aliyekuwa na 2 amepanda kwa 6, na mabadiliko ya alama 5 au zaidi huhesabiwa kuwa ya kweli, si ya bahati nasibu.

Hapa kuna kosa moja la hatari. Swali la 9 la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukituma hojaji kwa barua pepe na ikakaa siku 5 bila kufunguliwa, umemuuliza mtu kama anataka kufa kisha ukampa kisogo. Hojaji ijazwe pale tu ambapo kuna mtaalamu wa kuisoma siku hiyohiyo, na jibu lolote la swali la 9 lililo juu ya 0 lifuatiliwe ana kwa ana kabla jua halijazama.

Mwisho wa maandalizi ni karatasi moja ya usiri, iliyosainiwa. Ieleze nani anaona alama (daktari au mwanasaikolojia peke yake), na kocha anaambiwa nini: anaweza kufanya mazoezi, apunguziwe, au apumzike. Ieleze pia lini siri inavunjwa: maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akiwa ametendewa ukatili. Bila karatasi hii watu watajaza sifuri kila swali.

Saa 72 za kwanza

Usichambue mchezo. Katika saa ya kwanza mpe maji, chakula, nguo kavu, na dakika 15 au 20 mahali patulivu kabla hajakutana na waandishi. Kwenye mashindano mengine kupita eneo la waandishi ni lazima, ila kujibu kila swali si lazima. Mwandalieni sentensi 3 mapema, za kushinda na za kushindwa, amalize nazo na aondoke.

Kipimo cha dawa zilizopigwa marufuku ni mtego ambao timu nyingi hazijaufikiria. Sampuli ya mkojo inatakiwa ifike angalau mililita 90, na mtu aliyepoteza maji mwilini anaweza kukaa kituoni saa nyingi. Basi la timu linaondoka, chakula kinakwisha, na aliyeshindwa vibaya kuliko wote anabaki chumba kidogo na watu asiowajua. Ana haki ya kuwa na mwakilishi pale. Pangeni jina la mwakilishi huyo mapema, na mtu huyo asiondoke mpaka wamalize wote wawili.

Usiku wa kwanza aliyeumia moyo asilale chumba cha peke yake kama kuna namna, na pombe isiwe ndiyo faraja. Pombe huvuruga usingizi na huongeza huzuni kesho yake, na huondoa breki kwa mtu mwenye mawazo ya kujidhuru. Simu yake, kwa ridhaa yake, isomwe na mtu anayemwamini kwa siku 2 au 3: apokee pongezi na pole, afute matusi, na vitisho avihifadhi kwa picha za skrini ili viripotiwe.

Maneno yapungue. "Kuna mara nyingine", "Mungu ana mpango wake" au "wenzako hata hawakufika hapa" humfunga mtu mdomo, hata yakisemwa kwa mapenzi. Sema: "Pole sana. Nipo hapa na wewe. Unataka tukae kimya, tutembee, au unataka kuzungumza?" Halafu heshimu jibu.

Kwa aliyeshinda, hatari iko kwenye ratiba. Hafla, mahojiano na mapokezi vinaweza kujaza wiki 3 bila usingizi wa maana, kisha siku moja vinakatika vyote kwa pamoja. Shughuli ya hadhara isizidi moja kwa siku, na kila baada ya siku 3 kuwe na siku nzima isiyo na kitu. Meneja ndiye anayesema "hapana", kwa jina lake yeye, mwanamichezo asionekane mwenye majivuno.

Wiki ya kwanza hadi ya nne: mapumziko yenye ratiba

"Nenda kapumzike" ni agizo bovu. Mtu ambaye mwili wake ulizoea saa 4 za mazoezi, akiyakata ghafla, hupata usingizi wa vipande, hasira za haraka na uzito wa moyo ambao si lazima uwe na uhusiano na matokeo. Mpe ratiba nyembamba yenye mambo 4 kila siku: saa ileile ya kuamka, dakika 20 hadi 40 za kuutikisa mwili kwa kitu kisicho mchezo wake (kutembea, kuogelea polepole, baiskeli), mtu mmoja wa kuonana naye uso kwa uso, na jambo moja la kumaliza lisilohusu michezo. Saa ya mazoezi isipimwe, wala matokeo yasipelekwe kwa kocha.

Kama amevuka majira ya saa, hesabu takriban siku 1 ya kuzoea kwa kila saa 1 ya tofauti. Aliyevuka saa 8 asihukumiwe kuwa ana tatizo la usingizi wiki ya kwanza. Baada ya wiki 2 akiwa bado anaamka saa 9 usiku na hawezi kurudi kulala, hilo si la safari tena.

Maamuzi makubwa yasubiri wiki 8: kustaafu, kumwacha kocha, kuhama mji, kuwekeza fedha za zawadi. Kizuizi hiki hakimhusu anayekimbia unyanyasaji. Huyo aondolewe leo. Kwa kustaafu kuna sababu ya ziada ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa. Chini ya kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, mwanamichezo aliye kwenye kundi la kupimwa wakati wowote akitangaza rasmi kustaafu, hawezi kurudi mashindanoni mpaka atoe taarifa ya maandishi na awe tayari kupimwa kwa miezi 6. Barua iliyoandikwa usiku mmoja wa uchungu inaweza kumla msimu mzima.

Kwa watu wa kundi hilohilo, mapumziko hayaondoi wajibu wa kutoa taarifa za mahali walipo, pamoja na dakika 60 za kila siku ambazo lazima wapatikane. Makosa 3 ndani ya miezi 12 ni ukiukaji wa kanuni, wenye adhabu ya kufungiwa. Mtu mwenye sonona husahau bili, miadi, hata kula. Atasahau na hili. Msimamizi amkumbushe kila anapobadilisha mahali pa kulala.

Tathmini ya kiufundi ije kati ya wiki ya 2 na ya 4, kwenye kikao tofauti kabisa na kile cha "u hali gani". Ukivichanganya, mwanamichezo atajibu swali la moyo kwa lugha ya takwimu.

Simu zisizokosa tarehe

Wiki 2 za kwanza kila mtu anapiga simu. Shimo lenyewe liko baadaye, kati ya wiki ya 3 na ya 12, shangwe na pole zikiwa zimekwisha na msimu mpya haujaanza. Ndiyo maana tarehe za wiki ya 4, 8 na 12 ni nzito kuliko zile za mwanzo, ingawa ndizo zinazorukwa.

Dakika 20 zinatosha. Uliza mambo yanayoshikika: Jana ulilala saa ngapi, ukaamka mara ngapi? Umekula nini leo? Mara ya mwisho kutoka nje ilikuwa lini, na uliongozana na nani? Kuna kitu ulikuwa unakipenda ambacho sasa hukioni tena kuwa na ladha? Ukiuliza "uko poa?" utajibiwa "niko poa", maana mwanamichezo amefundishwa tangu utotoni kuficha maumivu mbele ya mpinzani. PHQ-9 irudiwe wiki ya 4, 8 na 12.

Wekeni kanuni ya ukimya mapema: simu 2 zisizojibiwa ndani ya saa 24, mtu anakwenda kubisha hodi. Mwanamichezo aijue kanuni hiyo na ataje mwenyewe nani aende.

Huzuni ya kawaida au ugonjwa?

Huzuni ya kawaida huja kwa mawimbi. Anacheka na watoto, kisha anakumbuka penalti ile na kunyamaza. Wiki hadi wiki mawimbi yanapungua. Sonona hukaa: karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki 2 au zaidi, moyo ukiwa mzito au hamu ya kila kitu ikiwa imekufa, pamoja na mabadiliko ya usingizi, chakula, nguvu, umakini, na kujiona hafai. Kwa wanamichezo wengi, hasa wanaume, mara nyingi hujitokeza kama hasira, kamari, pombe, au kurudi mazoezini kwa fujo siku ya 4 na kukataa kupumzika. Hilo la mwisho husifiwa kama moyo wa kishujaa. Lichunguzwe.

Kabla ya kulaumu akili, daktari aukague mwili. Mtikisiko wa ubongo unaweza kuleta hasira, kilio cha ghafla, usingizi mbovu na kuumwa kichwa. Uliza kama aligongwa kichwa, hata kama hakuzimia. Upungufu wa chuma na kasoro za tezi ya shingo huleta uchovu na uzito wa moyo, kwa hiyo wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma mwilini) na TSH (homoni inayoonyesha hali ya tezi hiyo) vipimwe. Mwanamichezo aliyekula kidogo kuliko alichokitumia kwa miezi mingi, labda ili afikie uzito wa shindano, hupata huzuni, baridi mwilini na majeraha ya mifupa. Kwa mwanamke, kukosa hedhi miezi 3 mfululizo ni ishara isiyopuuzwa hata siku moja. Hapo dawa ya kwanza ni chakula na mapumziko, chini ya daktari na mtaalamu wa lishe.

Kumfikisha kwa mtaalamu

PHQ-9 ikifika 10, ikipanda kwa 5 kutoka alama za mwanzo, au familia ikisema "huyu si yeye", weka miadi ndani ya siku 7. Usimpe namba ya simu na kumwachia. Piga simu pamoja naye, au piga kwa niaba yake akiridhia, na mfuatane hadi mlangoni mara ya kwanza. Kwenye hatua hii ndipo wengi wanapopotelea: mtu ambaye kuoga tu kumekuwa mlima hawezi kutafuta kliniki peke yake.

Tiba ya mazungumzo huenda kwa wiki kadhaa, mara nyingi kikao 1 kwa wiki. Usitarajie mabadiliko kikao cha pili. Dawa za sonona huchukua kwa kawaida wiki 2 hadi 6 kuonyesha nguvu, na haziachwi ghafla. Kwa walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo zinahitaji uangalizi wa karibu zaidi, kwa kuwa mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kabla hayajapungua.

Hofu ya kufungiwa huwafanya wengi wakatae dawa. Fluoksetini na setralini, ambazo ni miongoni mwa dawa za sonona zinazoandikwa sana, hazimo kwenye orodha ya WADA ya vitu vilivyokatazwa. Dawa za kusisimua zinazotumika kwa tatizo la umakini, kama methilfenideti, zimekatazwa wakati wa mashindano, na zinahitaji kibali cha matumizi ya tiba kabla. Orodha hubadilika kila Januari mosi, kwa hiyo daktari aihakiki kila dawa. Hatari kubwa zaidi iko kwenye vidonge vya "kutuliza akili" na mitishamba inayouzwa mtandaoni, ambayo yaliyomo ndani si lazima yalingane na yaliyoandikwa kwenye kopo.

Anayeogopa kwamba kusema kutamaliza kazi yake, mkumbushe Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani: alijitoa kwenye fainali kadhaa za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 ili kulinda afya yake ya akili, akapumzika karibu miaka 2, akarudi, na Paris mwaka 2024 akatwaa dhahabu 3.

Akisema hataki kuishi

Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halipandi wazo kichwani mwake, humpa ruhusa ya kusema alichokuwa anakibeba peke yake. Usihubiri, usibishane naye, usimwahidi kwamba utaificha siri hiyo. Uliza kama ana mpango, kama ana njia, na kama ameweka muda.

Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, asibaki peke yake hata dakika moja. Ondoeni alipo kila anachoweza kujidhuru nacho, na mmoja wenu ampigie mtaalamu au huduma ya dharura, au mmpeleke hospitali yenye huduma ya magonjwa ya akili. Kikao cha kesho hakitoshi. Kama hana mpango, miadi iwe ya siku hiyohiyo, na aandike na mtaalamu karatasi ya usalama: dalili zake za mwanzo, mambo yanayomtuliza, majina ya watu 3 wa kupigia, na namba ya dharura. Nakala moja ikae kwenye simu yake. Baada ya kutoka hospitali, wiki ya kwanza awasilianwe naye kila siku, kwa kuwa siku hizo ni miongoni mwa zenye hatari kubwa.

Wanaosahaulika

Aliyeumia wiki 2 kabla ya safari na aliyeachwa kikosini dakika za mwisho waingie kwenye ratiba ileile, siku ya 1 ikiwa siku walipoambiwa. Anayestaafu apewe miezi 12 badala ya 6, pamoja na msaada wa kazi au masomo, kwa sababu yeye hapotezi ratiba tu, anapoteza na jina alilojiita tangu utotoni.

Kocha naye anarudi nyumbani akiwa na usiku wake wa kukosa usingizi, na yeye hana wa kumuuliza alilala saa ngapi. Mwandikieni tarehe zilezile: siku ya 3, ya 7, ya 14, kisha wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Na atakayempigia asiwe mtu anayeamua kama mkataba wake utaongezwa.